Kwa wadogo zangu mnaokwenda COP kwa mara ya kwanza

Mwaka 2024 kule Cali, Kolombia, kwenye COP16, yaani mkutano wa 16 wa nchi wanachama wa Mkataba wa Bayoanuai, niliwakuta vijana wetu watatu wakihudhuria mkutano wa pembeni wa nne kwa siku ile, beji kifuani na kalamu mkononi, wakiandika kwa bidii mambo ambayo wangeweza kuyasoma baadaye wakiwa kwao. Wakati huohuo, katika chumba kisichokuwa mbali na pale, maandishi ya kipengele cha 8(j), kinachohusu maarifa ya jadi ya watu wa asili na jamii za wenyeji, waliyotumwa kuyafuatilia yalikuwa yakijadiliwa bila mtu wao hata mmoja. Niliwatoa kwa upole, ingawa moyoni nilikuwa nawaka. Nayaandika haya kwa sababu nawapenda, na kwa sababu nimechoka kuliona kosa hili likirudiwa.

1. Ratiba ya siku isomwe asubuhi na isomwe tena mchana, kwa kuwa vikundi vya mashauriano hutangazwa papo hapo na vyumba hubadilishwa.

2. Jueni waraka wenu umefika hatua gani. Ukiwa bado CRP, yaani rasimu inayoendelea kujadiliwa, mnaweza kumwendea mjumbe na pendekezo lenu. Ukishakuwa L, yaani rasimu iliyo tayari kupitishwa na kikao kikuu, kuufungua upya kunahitaji nchi iliyo tayari kuwaudhi wenzake wote waliochoka.

3. Msitoke chumbani wakati aya yenu ingali ndani ya mabano, yaani maneno yake hayajakubaliwa. Hili nitalieleza kwa kirefu, maana lilinigharimu. Katika mkutano wangu wa pili nilikwenda kama mwangalizi, nimetumwa na jamii zinazoishi misituni, nikiwa na sentensi moja tu ya kulinda: ile iliyotaka maeneo mapya ya hifadhi yatangazwe kwa ridhaa huru, ya mapema na yenye taarifa kamili ya watu wanaoishi humo. Mnajua kwamba pendekezo la mwangalizi halina uhai mpaka nchi mwanachama ilibebe. Nilihangaika siku 5 kumpata wa kulibeba, nikampata mama mmoja mtu mzima, mjumbe wa miaka mingi, ambaye aliniambia, "Mwanangu, nitalisema, lakini ukae nyuma yangu, maana wakianza kulikatakata nitahitaji maneno mengine kutoka kwako."

Kikundi kilianza saa 1 jioni. Hadi saa 3 aya mbili tu zilikuwa zimemeza muda wote, na yetu ilikuwa mbali. Wenzangu waliniita kwenye tafrija ambako, walisema, kulikuwa na mfadhili wa kuzungumza naye kuhusu mradi wetu. Nilipiga hesabu kwamba kwa mwendo ule hatungefikiwa kabla ya saa 5, nikatoka. Kule kwenye tafrija nikaizima sauti ya simu kwa heshima ya waliokuwa wakihutubia.

Niliporudi saa 4 na nusu, skrini ilikuwa imeipita aya yetu. Mwenyekiti alikuwa ameziruka aya zenye ubishi ili kwanza amalize zile alizodhani ni nyepesi, na yetu aliihesabu miongoni mwa hizo. Mabano yalikuwa yameondolewa, na mahali pa neno "ridhaa" palisomeka "mashauriano, inapofaa". Kwenye simu nilikuta ujumbe wa mama yule mara tatu: "Uko wapi?" "Wanataka neno jingine." "Njoo sasa hivi." Alikuwa amepigana peke yake, kisha akakubali alichopewa, maana nchi yake ilikuwa na aya nyingine za kulinda usiku uleule. Hakunilaumu. Alinisogezea tu daftari lake, na pembezoni mwa aya ile nikaona nafasi tupu aliyoniachia, juu yake jina langu na alama ya kuuliza.

Mwenye haki ya kutoa ridhaa anaweza kukataa. Anayeshirikishwa katika mashauriano husikilizwa, kisha uamuzi ukafanywa na wengine. Niliwarudia wazee walionituma nikawaeleza ukweli wote, pamoja na habari ya tafrija. Mmoja wao aliuliza kama kikao kile kinaweza kurudiwa. Nilimjibu kwamba mkutano mwingine ni baada ya miaka miwili, naye akanyamaza.

4. Tiketi ya kurudi isiwe ya siku ya kufunga. Montreal, kwenye COP15, mfumo wa dunia wa bayoanuai wenye malengo 23, likiwamo lile la kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu na ya bahari ifikapo 2030, ulipitishwa usiku wa kuamkia mapambazuko ya 19 Desemba 2022. Cali ilikuwa mbaya zaidi: tulikesha, na asubuhi ya 2 Novemba kikao kikaahirishwa kwa kukosa akidi, kwa sababu wajumbe wengi walikuwa wamekwisha kwenda kuwahi ndege. Mkakati wa fedha ulisubiri hadi Roma, Februari 2025. Ujumbe mdogo usio na pesa za kubadilisha tiketi ndio unaoumia, na mara nyingi ujumbe huo ni wetu.

5. Wapeni wakalimani hotuba yenu mapema, na isomeni polepole. Tafsiri hupatikana katika lugha sita za Umoja wa Mataifa, na Kiswahili hakimo. Vikundi vya mashauriano navyo huendeshwa kwa Kiingereza bila mkalimani, kwa hiyo mwenzenu aliyesoma kwa Kifaransa msimwache akae kimya pale. Mmoja wenu akae ubavuni pake amnong'oneze.

6. Kuleni kabla ya saa 12 jioni. Nawasihi.

Wale watatu wa Cali niliwapeleka chumbani jioni ileile. Wawili waliondoka saa 4. Aliyebaki, mdogo kuliko wote, alikaa nyuma ya mjumbe wetu akiwa na karatasi yenye maneno mbadala matatu aliyoyaandika kwa mkono, na ilipokaribia saa 6 usiku mjumbe aligeuka na kunyoosha mkono bila kusema neno. Karatasi ilikuwa tayari.