Oili iliyogeuka kama chai ya maziwa

Ndugu, oili ya injini uliyosema umeiona kwenye kijiti cha kupimia ikiwa na rangi ya chai ya maziwa imechanganyika na maji ya rejeta, kwa hiyo usiiwashe tena injini, kwani mchanganyiko huo haulainishi beringi ipasavyo na unaweza kuziharibu haraka. Kubadilisha oili pekee hakutatibu chochote. Kabla ya kuilaumu gasketi ya silinda hedi (kizibo kilicho chini ya hedi, yaani sehemu ya juu ya injini), kama wengi wafanyavyo, fundi aupime mfumo wa maji kwa presha, maana kwenye magari yenye kipoza oili kinachopitishiwa maji, hicho nacho huweza kuvuja. Hedi ikifunguliwa, ikaguliwe nyufa, ipimwe kwa rula iliyonyooka, na ikiwa imepinda kidogo ipelekwe kusawazishwa kwa mashine. Baada ya kufunga, badilisha oili na filta, washa injini ingurume dakika chache, kisha izime, umwage oili hiyo na kubadilisha tena.