Turbo kwenye gari la kila siku Nairobi: panga hela kabla ya kushika spana

Mtu akitaka kufunga turbo, kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa zaidi, swali lake la kwanza huwa ni turbo gani. Mimi humwambia aiweke turbo kando kwanza, apige hesabu ya nguvu anayotaka na injini aliyo nayo. Naendesha Toyota 86 yenye turbo, ndiyo inayonipeleka kazini mvua ije jua liwake, na imenifunza kwamba gari la kudumu linajengwa kwa vitu visivyopigwa picha: rejeta, mfuniko wake, klachi, na kazi ya fundi wa kompyuta ya gari.

Tuanze na hewa, kwa sababu hapa ndipo mipango mingi huharibikia. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Injini isiyo na turbo huvuta hewa iliyopo, basi. 86 iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 200, hapa mjini inavuta kama gari la 165 hivi. Kwa hiyo turbo ndogo inaanza kwa kukurudishia ulichonyimwa na mwinuko, na hilo pekee linatosha kumfurahisha dereva kuliko wengi wanavyoamini.

Sasa chukua turbo iliyowekwa itoe baa 0.4 juu ya hewa ya nje (baa ni kipimo cha kanieneo; hewa ya usawa wa bahari ni karibu baa 1). Nairobi injini itapata jumla ya baa 1.22, yaani 0.82 ya hewa yenyewe na 0.4 ya turbo. Teremka nayo Mombasa, westigeti, ile vali inayozuia turbo isipite kiwango, itaachia palepale kwenye 0.4, ila safari hii ni juu ya baa 1.01. Jumla inakuwa 1.41, yaani karibu asilimia 15 zaidi, hata kama joto la Pwani litapunguza kidogo. Pistoni na konrodi (fimbo zinazoshika pistoni) zilizokuwa salama Thika Road zinakutana na mzigo mwingine kabisa zikifika Mariakani, karibu na Mombasa. Ndiyo maana sikubaliani na mafundi wanaosema huku juu unaweza kuongeza busti, yaani kanieneo inayoongezwa na turbo, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Lengo la nguvu lipigiwe hesabu ya usawa wa bahari, hata kama unakaa Rongai na hushuki Pwani ila Disemba. Na kompyuta ya gari iwe inasoma kanieneo halisi ndani ya manifoldi, yaani paipu zinazoingiza hewa kwenye silinda, ili petroli iongezeke yenyewe hewa inapoongezeka.

Injini ya 86 ina uwiano wa kompresheni (kiasi hewa inavyobanwa ndani ya silinda) wa 12.5 kwa 1, ambao ni wa juu sana kwa turbo, na konrodi zake ndizo hukubali kushindwa kwanza. Mimi nimebaki kwenye busti ndogo na sina haja ya zaidi. Kama bado hujanunua gari, nakushauri bila kusita: nunua lililotoka kiwandani na turbo. Waliolibuni walishaimarisha pistoni na mfumo wa oili, na hutaweza kuyafanya hayo kwa bei nafuu kuliko wao.

Kama gari tayari unalo, hela ya kwanza iende kwenye kupima kompresheni. Vipimo vya silinda visipishane zaidi ya asilimia 10. Injini inayokula oili au yenye silinda moja dhaifu haifai kuongezewa chochote. Itengeneze kwanza, hata kama mpango mzima utasogea hadi mwaka ujao.

Turbo yenyewe unaweza kuipata Kirinyaga Road au Grogan, iliyotolewa kwenye gari la Japani. TD04 ya Mitsubishi, ile iliyofungwa kwenye Subaru kadhaa, ni chaguo zuri kwa injini ya lita mbili isiyotafuta makuu. Usiilipie kabla ya kuishika. Kamata ncha ya shafti kwa vidole viwili uisukume na kuivuta kuelekea kwako: isisogee kiasi cha wewe kuhisi. Ukiitikisa juu na chini, kachezo kadogo ni kawaida kwa sababu haina oili, mradi mapanga yasiguse nyumba yake. Tazama kingo za mapanga kwa tochi. Zikiwa zimeliwa au zimepinda, irudishe mezani, muuzaji aseme atakavyosema. Paipu ya kurudisha oili iwe nene, iteremke moja kwa moja na iingie kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili; ikipinda au ikibanwa, turbo nzima itatoa moshi na utadhani imekufa.

Joto ndilo adui wa Nairobi. Kwenye msongamano wa Mombasa Road jioni, hakuna upepo unaopita kwenye rejeta, na intakula (kipozea hewa inayotoka kwenye turbo) iliyowekwa mbele inaizibia zaidi. Maji hapa huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, kinachoyazuia ni mgandamizo wa mfuniko wa rejeta. Raba ya mfuniko ikikauka, uko taabani haraka kuliko mtu wa Pwani. Nunua mfuniko mpya halisi, feni nzuri, na kipimo cha joto la oili unachoweza kukiona ukiwa umekaa.

Kutuni, yaani kuipanga kompyuta ya gari iendane na turbo, usikubanie hata senti. Mimi hutenga theluthi ya bajeti yote kwa fundi wa kompyuta, nozeli, pampu ya petroli na kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli. Gari lituniwe kwa petroli ya Super ya kituo cha kawaida, ile utakayoipata Mtito Andei usiku ukiwa njiani kwenda Mombasa, na fundi asikilize kama injini inanoki, yaani inagonga kwa petroli kuwaka vibaya. Akikuambia ameshamaliza bila kulipima gari chini ya mzigo, tafuta mwingine.

Klachi ya mashindano iache. Mguu wako wa kushoto hautavumilia wiki moja ya msongamano wa Waiyaki Way. Chukua yenye sahani ya kawaida na presha pleti iliyoongezewa nguvu. Filta ya hewa usiishushe nyuma ya bampa, maana masika yakija barabara hufurika na maji yakivutwa ndani ya silinda konrodi hupinda papo hapo.

Oili mimi humwaga kila kilomita 5,000. Na kabla gari halijatoka gereji, iandikie kampuni ya bima kwamba umefunga turbo, upate jibu lao kwa maandishi. Malipo ya mwaka yanaweza kupanda, kwa hiyo yaingize kwenye bajeti tangu mwanzo, pamoja na akiba ya kununua gasketi, plagi na paipu zitakazodai kubadilishwa miezi ya mwanzo.