Kigari cha roboti kinazimika mota zikianza

Pole, dada. Nimekuelewa: mwanao kaunda kigari kwa Arduino Uno (ubao mdogo wa kompyuta unaoongoza kigari) na betri ya mraba ya volti 9, taa inawaka vizuri, lakini mota zikianza kuzunguka ubao unazimika na kuwaka upya.

Usinunue ubao mwingine kwanza. Mara nyingi tatizo ni umeme. Betri ile haina nguvu ya kusukuma mota. Volti zinashuka ghafla, ubao unajizima. Mota zipewe betri zake, nne za AA, zikipitia kidhibiti mota kama L298N. Zisiunganishwe kamwe moja kwa moja kwenye pini za Arduino, maana pini moja mwisho wake ni miliampia 40, umeme mdogo mno kwa mota. Halafu, na hapa wengi hukwama, waya hasi wa betri ya volti 9 na ule wa betri za AA lazima vikutane pamoja. Waya huo mmoja mweusi ulinipotezea Jumamosi nzima.

Akitamani betri za lithiamu, msimamie: zikigusana nyaya zinaweza kuwaka moto, na iliyovimba isichajiwe tena. Ukigusa ubao ukauona una joto kali, chomoa betri mara moja, umpelekee fundi wa elektroniki.