Muulize Fundi: Skrini ya mbwembwe kwenye gari la umeme, niongeze hela?

SWALI: Shikamoo anko. Nakaa Nyegezi hapa Mwanza, kazini ni mjini, asubuhi naenda jioni narudi, basi. Petroli imenichosha, nataka Nissan Leaf ya mtumba toka Japani niwe nachajia nyumbani. Ajenti kanitumia mbili, mwaka mmoja, rangi moja. Moja ni toleo la S ina redio ya kawaida, nyingine ni toleo la G ina skrini ya kutachi, navi, kamera ya nyuma na makorokoro kibao, ila hiyo anataka niongeze milioni mbili. Mwanangu wa fomu tri anasema bila skrini hilo sio gari ni bajaji. Nifanyeje? (Mama wa Nyegezi)

JIBU: Marahaba mama. Huyo mjukuu wangu mwambie atulie kwanza, mwenye kulipa ni wewe.

Hiyo navi ramani yake ni ya Japani, haijui Mkuyuni wala Buzuruga, na menyu zote ni Kijapani, mafundi wapo wanaojaribu kubadili lugha ila kuna inayokubali na kuna inayogoma. Afu kuna yule dada wa ndani ya gari, wengi mnamjua, ukiwasha tu anaanza kuongea, mara nyingi anakwambia kadi ya ETC haijachomekwa, ni kadi ya kulipia barabara za haraka za kwao huko. Utamsikiliza kila asubuhi. Redio nayo inaishia 90 au 95 wakati stesheni zetu zinafika 108, hapo itabidi fundi akufungie ekspanda, kidude cha kuifanya redio ishike stesheni zetu, hata kwenye S hilo lipo.

Ajenti atakwambia pia unaweza kuwasha AC kwa simu ukiwa bado chumbani unavaa. Ile huduma inataka gari lishike mtandao na kampuni iwe bado imewasha seva. Uingereza kwenyewe Nissan walizima apu ya Leaf za kabla ya 2016 mwezi wa nne 2024, sababu zilikuwa zinatumia 2G, mtandao wa simu wa zamani, na 2G inaondolewa, na magari mengine yalikuwa hayajamaliza hata miaka 10. Sasa wewe wa Nyegezi na gari lililofungwa kwa mtandao wa Japani unategemea nini?

Na msidhani ni Leaf tu. 2021 kule Marekani Tesla waliita magari yao ya umeme kama 135,000 yarudi kutengenezwa, Model S na Model X, kisa chipu ya kumbukumbu ya GB 8 iliyokuwa inachoka kwa kuandikwa andikwa data, ikifa skrini inazima na kamera ya nyuma inaondoka nayo. Wao waliitwa wakabadilishiwa, sisi huku Mwanza ikizima unampigia nani?

Halafu usalama. Gazeti moja la magari la Sweden, Vi Bilägare, 2022 walipima madereva wakiwa spidi 110, pandisha joto la ndani, badili stesheni, vitu vidogo vidogo hivo. Volvo ya 2005 yenye vitufe sekunde 10 kazi imeisha, gari limeenda mita 306. MG Marvel R, la umeme, kila kitu kwenye skrini, sekunde 44.6, mita 1,372! Kilomita na ushee macho yanaenda na kurudi kwenye skrini, na bodaboda zetu unazijua. Leaf kwa bahati AC yake ina vitufe.

Kwahiyo mimi nisingeongeza hiyo milioni mbili. Kamera ya nyuma ndo kitu cha maana pale, ila hiyo hata fundi wa mjini anakufungia. Ramani tumia simu yako na kishikio.

Skrini ya kuikagua ni ile ndogo nyuma ya usukani. Pembeni kuna vimstari 12 vya uzima wa betri, cha kwanza kikipotea betri imeshapungua kama asilimia 15, kila kinachofuata ni kama 6. Mwambie ajenti akutumie picha gari likiwa limewashwa. Kama S ina 11 na G ina 8, hiyo G imeshapoteza theluthi ya betri, kazini utafika vizuri ila siku ukisema uende Magu kusalimia, kurudi hutoboi mpaka uchaji hukohuko. Na kwa kuwa wapo wajanja wanaoriseti hivyo vimstari kabla ya kuuza, mwambie akupimie pia kwa Leaf Spy, ni apu ya simu inayoongea na kidude cha bluetuthi kinachochomekwa chini ya dashbodi, inatoa asilimia ya uzima wa betri, ila nayo inasoma kompyuta ileile ya betri, ikiwa imetoka kurisetiwa inaweza kudanganya. Akianza kukuzungusha, achana nae tafuta ajenti mwingine.

SWALI: Gari langu la umeme ni la Kichina, skrini kama tivii. Nikiwa foleni Mabatini na muziki juu, chaji haiishi? (Msomaji, Igoma)

JIBU: Piga muziki kaka. Skrini inakula wati makumi tu, AC ndo inakula mara nyingi zaidi ya hapo, na ukikanyaga mafuta, samahani, umeme, kupanda Bugando ndo utaona asilimia zinavyoshuka.