Maswali ya wasomaji: Ukoo umegota mwaka 1870

*Mhariri, salaam. Mimi ni Mtanzania, nimeolewa hapa Chicago na Mmarekani Mweusi. Upande wangu watoto wanatajiwa mababu hadi wa saba. Upande wa baba yao tumerudi nyuma kwenye sensa hadi mwaka 1870, jimbo la Mississippi: tumempata babu, mkewe na watoto wanne. Kabla ya hapo jina lake halionekani popote. Ndio mwisho?*
Mama wa watoto wawili, Chicago

Sio mwisho, dada. Mmefika pale ambapo sensa yenyewe ilibadilika. Marekani inahesabu watu kila baada ya miaka 10 tangu 1790, lakini hadi 1840 liliandikwa jina la mkuu wa kaya peke yake. Mwaka 1850 na 1860 kila mtu huru aliandikwa kwa jina lake. Waliokuwa utumwani waliwekwa kwenye daftari la pembeni, chini ya jina la bwana wao: umri, jinsia, na rangi, B kwa mweusi na M kwa chotara. Jina hakuna. Ndiyo maana wengi wanayaona majina ya wazee wao kwa mara ya kwanza kwenye sensa ya 1870, na inauma.

Kabla ya kuvuka kurudi nyuma ya 1870, ikamueni kwanza karatasi ya 1870. Msiishie kwenye faharasa, fungueni picha ya ukurasa wenyewe. Nakilini kaya 10 za juu na 10 za chini, weusi kwa weupe, maana karani alikwenda nyumba kwa nyumba na jirani mara nyingi ni ndugu. Angalieni kwamba sensa hiyo haisemi nani ni nani kwa nani. Mwanamke aliyeandikwa chini ya babu huenda ni mkewe, huenda ni dada yake. Uhusiano na mkuu wa kaya ulianza kuandikwa 1880, pamoja na mahali walipozaliwa baba na mama wa kila mtu, kwa hiyo wekeni karatasi hizo mbili pamoja.

Kisha someni safu ya mahali pa kuzaliwa, mtoto mmoja mmoja. Tuseme wa miaka 15 amezaliwa Alabama na wa miaka 12 amezaliwa Mississippi. Hapo mama alihamishwa kati ya 1855 na 1858, ama kwa kuuzwa ama kwa kufuata msafara wa bwana. Mtafuteni basi mzungu aliyekuwa Alabama mwaka 1850 na akaonekana kaunti yenu mwaka 1860, ambaye watoto wake nao wamezaliwa kwa mpangilio huohuo. Njia hii tunaiamini kuliko kukimbilia jina la ukoo. Walioachwa huru hawakuchukua lazima jina la bwana wa mwisho. Wengine walishika la bwana wa zamani, wengine walijichagulia, na ndugu wa tumbo moja waliweza kutofautiana.

Mkishapata majina mawili matatu ya mabwana, fungueni lile daftari la watumwa la 1860 na mtoe miaka 10: mama wa 35 awe wa 25, watoto wawe wa 5 na 2. Wakilingana, hiyo ni dalili tu. Kwenye shamba la watu 80 utapata umri wowote unaoutaka, na mara nyingi waliorodheshwa kuanzia mkubwa hadi mdogo, hivyo mama na mwanawe wanakaa mbalimbali.

Ushahidi wenyewe uko mahakama ya kaunti, kwenye majalada ya mirathi. Bwana akifa kabla ya 1865, utumwa ulipofutwa, mali yake ilithaminiwa, na watu waliorodheshwa kwa majina yao, kila mmoja na bei yake ya dola, pengine mama na mtoto mchanga kwenye mstari mmoja. Pitieni pia mikataba ya kazi ya miaka ya 1865 na 1866 kwenye nyaraka za Freedmen's Bureau, ofisi ya serikali ya kuwasaidia walioachwa huru, na madaftari ya Freedman's Savings Bank, benki yao ya akiba, 1865 hadi 1874. Baadhi ya fomu za benki hiyo zinataja wazazi, ndugu, hata bwana wa zamani.

*Bibi yetu ana miaka 30 katika sensa ya 1880, na mwaka 1900 ana 45. Jina la ukoo nalo limeandikwa namna tatu. Ni mtu mmoja kweli?*

Inawezekana kabisa. Karani aliandika alichosikia, na aliyejibu huenda alikuwa mpangaji au jirani. Ni katika sensa ya 1940 tu ndipo anaonekana aliyejibu, kwa alama ya X ndani ya duara. Msimtambue bibi kwa umri. Mtambueni kwa watoto wake na mfuatano wao. Mwaka 1900 na 1910 mama aliulizwa amezaa wangapi na wangapi wako hai. Imeandikwa 9 na 5? Wako wanne wa kutafutwa, na aliyefia ukubwani anaweza kuwa ameacha wajukuu katika kaya hiyohiyo. Jina likigoma mnapotafuta mtandaoni, acheni nafasi ya jina la ukoo wazi, wekeni jina la kwanza, kaunti, na umri wenye nafasi ya miaka 5 mbele na nyuma.

*Mbona 1890 hatuioni? Na ya mwisho iliyo wazi ni ipi?*

Karibu yote ya 1890 ilipotea kufuatia moto wa Januari 1921, Washington. Ruka kutoka 1880 hadi 1900. Ya mwisho ni ya 1950, iliyofunguliwa tarehe 1 Aprili 2022 baada ya miaka 72 ya siri, na ya 1960 itafunguliwa Aprili 2032. Kwa waliohamia Chicago kutoka Kusini, anzeni na ya 1940: inasema kila mtu alikuwa akiishi wapi tarehe 1 Aprili 1935, mara nyingi hadi jina la kaunti. Picha za sensa hizi zinatazamwa bure kwenye tovuti ya FamilySearch, ukishajiandikisha.