Kazi ya kushona EPZ, kwa nini wengine hawadumu

Dadangu uliyeuliza kama mdogo wako aingie EPZ ya Athi River hapa Kenya, lile eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje, na mbona watu hawakai huko, nimeshona huko miaka kadhaa kwa kampuni mbili, wacha nikwambie vile nimeona. Wengi watasema ni pesa. Pesa ni kidogo kweli, lakini hizo kampuni mbili zilikuwa zinalipa karibu sawa, na moja watu walikuwa wanaacha kila mwezi, ile ingine watu wamezeekea huko.

Kule kwa kwanza tageti inaandikwa kwa ubao mwisho wa laini, kila saa supavaisa anajaza mmetoa vipande vingapi, ukiwa nyuma unafokewa mbele ya watu wote. Choo ni kwa kadi na kadi hazitoshi, so wamama walikuwa wanakaa bila kunywa maji asubuhi yote ndo wasiombe ruhusa, halafu unaskia huyu yuko na UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, yule kichwa hakimwachi. Vumbi la pamba linajaa mpaka kwa kope. Maski mnapewa siku wakaguzi wa kampuni zinazonunua nguo wanakuja, na siku hiyo hiyo ndo makatoni yaliyoziba mlango wa dharura yanaondolewa.

Lakini kilichoniuma zaidi ni mambo ya sindano. Ikivunjika lazima mpige magoti mtafute vipande vyote, vinabandikwa kwa karatasi na selotepu ndo upewe ingine, manake nguo haiwezi kufika Marekani na chuma ndani. Sasa mwenzangu sindano ikampita kidole ikavunjika, na swali la kwanza la supavaisa likawa kipande kingine kiko wapi. Akafungwa bandeji akarudi kwa mashine, haikuandikwa popote, na kidole kilipofura akajitibu na pesa yake mwenyewe. Wiki hiyo niliichukia hiyo kazi kabisa.

Kampuni ya pili kila mashine ilikuwa na kinga ya sindano na mekanika anazipitia asubuhi. Kulikuwa na kamati ya usalama, watu tumechagua wenyewe, tukalalamika joto ya upande wa kupiga pasi na feni zikaletwa. Ukiona umesikizwa hivyo unafanya kazi na roho safi, ata tageti tulikuwa tunafikisha.

Na msidhani kutosikizwa ni jambo dogo. Rana Plaza, jengo la viwanda vya nguo kule Bangladesh, liliporomoka 24 Aprili 2013. Nyufa zilionekana siku moja kabla, wafanyakazi wakaambiwa warudi ndani, wakafa zaidi ya watu 1,100.

Kwa hivyo mdogo wako aulize wale wako ndani, asiulize ofisi. Kamati iko? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inasema pahali pana wafanyakazi 20 kwenda juu lazima iwepo. Siku ya kwanza aangalie mlango wa dharura wa karibu na laini yake kama unafunguka. Na akiumia, ata kama ni kidogo, aandikishe siku hiyo hiyo na aweke karatasi zote za kliniki, manake kudai fidia ya WIBA, ile sheria ya fidia ya kuumia kazini, bila rekodi ni vita, na wakimzungusha aende moja kwa moja ofisi za DOSHS, idara ya serikali ya usalama na afya kazini.