Uso umekuwa wa mviringo kwa prednisoloni: niiache?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina umri wa miaka 34 na ni mkulima wa korosho Tandahimba. Baada ya kuharisha damu kwa miezi mitatu, nilipimwa utumbo kwa kamera Dar es Salaam, nikaambiwa nina kolaitisi ya vidonda, yaani uvimbe na vidonda kwenye utumbo mpana. Nimekunywa prednisoloni miligramu 40 kila siku kwa wiki nne. Damu imekoma, lakini uso umekuwa wa mviringo, silali usiku na njaa haiishi. Naweza kuiacha?

JIBU: Marahaba. Usiiache ghafla. Dawa hii hufanya kazi ya kotisoli, homoni inayotengenezwa na tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo, na mwili ukishaipokea kutoka nje kwa zaidi ya wiki tatu, tezi hizo hupunguza kazi yake na huhitaji muda kuirudia. Anayekatisha vidonge kwa siku moja anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, kushuka shinikizo la damu na hata kuzimia. Ndiyo maana dozi hupunguzwa kidogo kidogo, mara nyingi miligramu 5 kila wiki, yaani kidonge kimoja kidogo. Kwa kuanzia 40, safari hiyo huchukua takriban wiki nane. Ratiba yako aiandike daktari anayekutibu.

Uso wa mviringo na njaa hupungua dozi inaposhuka. Ukosefu wa usingizi husaidiwa na kunywa vidonge vyote asubuhi, baada ya chakula. Mimi huhofia zaidi madhara yasiyoonekana kwenye kioo: sukari na shinikizo la damu kupanda, mifupa kupungua uimara, na mtoto wa jicho kwa wanaotumia dawa muda mrefu. Pima sukari na presha kila unapohudhuria kliniki. Kwa mifupa, ulizia vidonge vya kalsiamu na vitamini D. Dagaa wanaoliwa na miba yao nao ni chanzo kizuri cha kalsiamu, na huku kwetu hawahitaji kutafutwa mbali.

Kuna jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi hulipitia haraka, nalo linamhusu sana mtu anayepalilia mikorosho bila viatu. Mnyoo aitwaye strongiloidi huingia kwa kupenya ngozi ya mguu na unaweza kuishi mwilini miaka mingi kimya kimya. Steroidi, yaani dawa za kundi la prednisoloni, zikishusha kinga, mnyoo huo huzaliana na kusambaa hadi kwenye mapafu, na hapo huua. Mweleze daktari wako kazi unayofanya, aamue kuhusu kipimo au dawa ya aivamektini. Muulize pia kama choo chako kilipimwa amiba kabla ya kuanza dawa, kwa kuwa amiba nayo huleta damu, na steroidi huizidisha kiasi cha utumbo kuweza kutoboka. Kikohozi kisichoisha kichunguzwe kifua kikuu.

Prednisoloni huzima uvimbe, lakini haifai kuulinda utumbo mwaka hadi mwaka. Kazi hiyo ni ya dawa za mesalazini au salfasalazini, na ugonjwa ukirudi kila dozi ya prednisoloni inaposhushwa, azathioprini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, hufikiriwa, pamoja na vipimo vya damu vya mara kwa mara.

Ukipata homa, maumivu makali ya tumbo, au ukitapika hata vidonge visikae tumboni, nenda hospitali siku hiyo hiyo na uwaambie unatumia steroidi, ili wakuchome sindano badala yake.